Karne Tatu za Kujenga Nyumba Oxon Hill

Oxon Hill ni kitongoji cha Kaunti ya Prince George's katika jimbo la Maryland, kilomita kama 11 kusini mwa jengo la Bunge la Marekani, kwenye vilima vinavyoangalia mto Potomac. Nyumba za kudumu zimejengwa hapo kwa zaidi ya miaka 300, na kila kipindi kimeacha ama kuta, ama magofu, ama kumbukumbu za kutosha kuonyesha kazi ilikwendaje. Zilikuwepo nyumba zilizosimama kwa siku chache, zilizokula misimu kadhaa, moja iliyohamiwa kabla haijaisha, na mamia kwa mamia zilizomalizika kwa miezi michache kwa mpango wa kiwanda. Zikipangwa kwa mfuatano zinaonyesha kwamba kazi ya mikono imezidi kufupika, ila kusubiri hakujakoma. Zamani mjenzi alisubiri tofali na chokaa, kisha akasubiri fedha, baadaye bomba la maji taka, na leo anasubiri kibali.

Fito, magome na nguzo

Kabla ya Waingereza kufika, kingo hizi za Potomac zilikuwa makao ya Wapiscataway na jirani zao Wanacotchtank, ambao nahodha John Smith alipita katika nchi yao alipopanda mto huo mwaka 1608. Nyumba zao zilikuwa ndefu, zenye paa la kuviringa. Miti michanga ilichimbiwa ardhini kwa mistari miwili, vilele vikapindwa na kufungwa pamoja, kisha kiunzi kikavikwa magome au mikeka. Vifaa vyote vilipatikana karibu na kazi ilifanywa na watu wengi kwa pamoja, kwa hiyo ujenzi ulihesabiwa kwa siku. Msimu ndio uliokuwa na neno la mwisho, kwa kuwa gome hubanduka vizuri majira ya kuchipua, utomvu unapopanda mtini.

Walowezi wa Kiingereza walioanza kuingia Maryland mwaka 1634 nao walijenga upesi. Nyumba ya kawaida ya karne ya 17 katika eneo hili haikuwa na msingi wa mawe. Nguzo zilitumbukizwa katika mashimo, zikaunganishwa kwa boriti, na kuta zikafungwa kwa mbao fupi zilizopasuliwa kwa shoka na nyundo. Bomba la moshi mara nyingi lilikuwa la miti na udongo. Mafundi wawili au watatu waliweza kuisimamisha kwa wiki chache, na iliyofanyiwa kazi vyema ilidumu miaka 10 hadi 20 kabla ya nguzo kuoza chini au kuliwa na mchwa. Aliyewahi kukaa katika nyumba ya miti na udongo pwani ya Afrika Mashariki anaijua hesabu hiyo: nyumba huisha haraka, na ukarabati hauishi.

Haraka hiyo ilitokana na tumbaku. Zao hilo lilichosha shamba ndani ya miaka michache, na mwenye fedha aliona heri anunue watumishi, baadaye watumwa, kuliko kuzika mali yake ukutani. Nyumba ya matofali ilikuja pale tu familia ilipokwisha kuamua kwamba haitahama.

Matofali ya ukoo wa Addison

Ukoo wa kwanza wa Oxon Hill kufanya uamuzi huo ulikuwa wa Addison. Kanali Thomas Addison, mtoto wa John Addison aliyehamia Maryland katika karne ya 17, alijenga mwaka 1711 jumba la matofali juu ya kilima kinachotazama Potomac. Ni jumba hilo, lililokuja kujulikana kama Oxon Hill Manor, alimofia John Hanson mwezi Novemba 1783. Hanson alikuwa amewahi kuwa rais wa Bunge la Shirikisho, kabla ya kuwepo katiba ya sasa ya Marekani.

Jumba la namna hiyo lilianza mbali kabla ya tofali la kwanza kulazwa. Udongo wa mfinyanzi ulichimbwa majira ya mapukutiko na kuachwa nje, ili baridi ya kipupwe iuvunjevunje. Majira ya kuchipua ulikandwa kwa maji, ukafyatuliwa katika kalibu za mbao, na matofali mabichi yakaanikwa kwa wiki kadhaa. Kisha yalipangwa kuwa tanuri palepale penye kazi, kuni zikawashwa katika vichochoro vilivyoachwa chini yake, na moto ukachochewa usiku na mchana kwa takriban wiki nzima. Mfyatuaji hodari mwenye wasaidizi wake aliweza kutoa matofali kama 2,000 kwa siku. Kuta zilizohitaji matofali 100,000 ziliwakilisha basi siku 50 za kufyatua peke yake, mradi mvua isinyeshe juu ya yaliyoanikwa.

Chokaa nayo ilikuwa na kalenda yake. Maryland ya pwani haina mawe mengi ya chokaa, lakini Ghuba ya Chesapeake ilijaa chaza. Maganda yake yalikusanywa, yakapangwa tabaka kwa tabaka pamoja na kuni, yakachomwa, kisha yakazimuliwa kwa maji. Kazi hiyo inafanana sana na ya wachoma chokaa wa Lamu na Zanzibar, ambao kwa karne nyingi walichoma matumbawe juu ya chungu ya magogo ili wapate kujenga nyumba za mawe. Huku na huku chokaa ilitawala mwendo wa kazi. Mchanganyiko wa chokaa na mchanga hushika polepole, kwa kunyonya hewa, na ukuta uliopandishwa kwa pupa hufinya mistari ya chini kabla haijakaza. Mafundi wa Maryland walikuwa na tatizo la ziada ambalo wa pwani ya Uswahilini hawakulijua: maji yaliyomo ndani ya chokaa mbichi yakiganda, kiungo chote huvunjika. Kuanzia Novemba hadi Machi mwashi alifunika ukuta wake kwa majani na kuweka mwiko chini.

Seremala naye alisubiri. Fremu ya mwaloni iliweza kuchongwa ikiwa mbichi, lakini mbao za sakafu na milango zilihitaji kukauka, na kanuni ya zamani ya maseremala ni mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi ya unene. Vioo, makufuli na misumari mizuri viliagizwa Uingereza kwa kulipia tumbaku ya msimu, na meli iliyoondoka na mapipa ya tumbaku ilirudi na bidhaa baada ya miezi mingi. Juu ya yote hayo, nguvukazi ilikuwa ya watumwa ambao kazi yao ya kwanza ilikuwa shambani. Wakati wa kupandikiza tumbaku, na tena wakati wa kuikata, mafundi na vibarua waliweza kuondolewa kwenye jengo wakapelekwa kwenye zao. Kwa hesabu hiyo, jumba kubwa la matofali lilichukua walau misimu miwili ya ujenzi, na mengi katika eneo la Chesapeake yalichukua zaidi.

Mwendo huo ulidumu zaidi ya karne moja. Mwanzoni mwa karne ya 19 daktari Samuel DeButts, mhamiaji kutoka Ireland, alipata nyumba ya matofali kwenye kilima cha jirani, ikaitwa Mount Welby kwa jina la ukoo wa mkewe, Mary Welby. Nyumba hiyo ingali imesimama ndani ya hifadhi inayosimamiwa na idara ya hifadhi za taifa. Daktari mwingine, John Bayne, alijenga yake, Salubria, karibu na mwisho wa miaka ya 1820, nayo ikadumu mpaka ilipoungua mwaka 1981. Wenye nyumba hizi walikuwa na ardhi, watumwa na mikopo, kwa hiyo kilichowachelewesha kilikuwa hali ya hewa na vifaa. Kwa asiyekuwa na hayo, mambo yalikuwa tofauti.

Nyumba iliyohamiwa kabla haijaisha

Mwaka 1853 Henry Alexander Butler, Mwafrika Mmarekani huru kutoka Kaunti ya Charles, aliihamishia familia yake kwenye nyumba ya Oxon Hill iliyokuwa bado haijakamilika. Maryland ndiyo iliyokuwa na watu weusi huru wengi kuliko jimbo lingine lolote. Sensa ya mwaka 1860 ilihesabu karibu 84,000. Sheria iliwabana katika mambo mengi, na mikopo ilikuwa adimu, lakini kumiliki ardhi kuliwezekana. Kwa familia kama ya Butler, kujenga kulifuata kipato.

Kwa mjenzi wa namna hiyo ilikuwepo njia ya kujenga kuta bila tofali wala mbao: zilimwagwa. Chokaa, mchanga na kokoto zilichanganywa na kumiminwa kati ya mbao mbili zilizosimamishwa sambamba. Mkanda mmoja ukishashika, mbao zilipandishwa juu na mkanda mwingine ukamwagwa. Miaka hiyohiyo mwandishi Orson Fowler alikuwa akiieneza njia hiyo nchini Marekani kama ujenzi rahisi kwa mtu wa kipato kidogo, kwa sababu haihitaji mwashi stadi wala tanuri la matofali. Saruji ya Portland ilikuwa haijaanza kutengenezwa Marekani; hilo lilifanyika mwaka 1871. Kila mkanda ulisubiri chokaa, na chokaa ilisubiri jua.

Kuhamia nyumba isiyo na dari wala plasta ni jambo ambalo halihitaji maelezo katika vitongoji vya Afrika Mashariki kama Mbagala au Kitengela. Mwenye nyumba huezeka, hufunga mlango mmoja, huacha kulipa kodi ya pango, na pesa hiyo ndiyo inayomalizia vyumba vilivyobaki. Nyumba ya Butler iliingizwa mwaka 2005 katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria, ikiwa tayari imechakaa sana. Inaonyesha kwamba huko Maryland, kabla ya mkopo wa benki wa kujengea kuenea kwa wananchi, familia nyingi zilijenga kwa mafungu.

Kasi ya viwanda

Jumba la Addison liliungua mwaka 1895. Zaidi ya miaka 30 baadaye, mwanadiplomasia Sumner Welles, ambaye angekuja kuwa naibu waziri wa mambo ya nje wa Rais Franklin Roosevelt, aliamua kujenga jumba jipya lenye jina lilelile si mbali na magofu hayo. Mchoro ulitoka kwa msanifu Jules Henri de Sibour, na jumba la matofali la vyumba 49 lilijengwa kati ya mwaka 1928 na 1929.

Kwa mtazamo wa nje jumba la Welles liliiga mtindo wa karne ya 18, lakini kazi yake ilikuwa ya karne ya 20. Matofali yalitoka kiwandani yakiwa yamechomwa tayari na kuletwa kwa lori. Mbao zilikaushwa katika matanuri ya kiwanda kwa siku badala ya miaka. Saruji ilishika kwa saa, na misumari, vioo na mabomba vilikuwa dukani Washington. Kwa mwenye fedha mkononi, misimu ya Addison ilikuwa imebanwa ikawa mwaka na ushei.

Kazi moja tu iliendelea kwenda kwa mwendo wa kale, nayo ni plasta. Kuta za ndani zilipigiliwa fito nyembamba za mbao, au nyavu za chuma, kisha zikapakwa matabaka matatu: la kwanza kushika fito, la pili kusawazisha, la tatu kulainisha. Kila tabaka lilingojwa likauke, na wakati wa baridi mafundi waliwasha majiko ndani ya nyumba tupu ili unyevu utoke. Seremala wa milango na mpaka rangi hawakuweza kuingia mpaka plasta iwe kavu kabisa, kwa sababu unyevu wake hukunja mbao mpya. Nyumba iliyokwisha kuezekwa ilikaa hivyo kwa wiki nyingi, haiguswi.

Miezi michache ya miaka ya 1950

Vita Kuu ya Pili ya Dunia iliigeuza Oxon Hill kutoka mashamba kuwa kitongoji. Serikali ya shirikisho ilipanuka, kambi za jeshi zikaongezeka kando ya mto, na barabara ya Indian Head ikajengwa kuunganisha eneo hilo na mji mkuu. Mji mdogo wa Forest Heights, ulio mpakani kabisa na Washington, ulipata hadhi ya manispaa mwaka 1949. Kaunti ya Prince George's, iliyokuwa na watu 89,000 hivi mwaka 1940, ilifikisha 194,000 mwaka 1950, 357,000 mwaka 1960 na takriban 660,000 mwaka 1970. Daraja la Woodrow Wilson juu ya Potomac lilifunguliwa mwezi Desemba 1961, na barabara ya mzunguko wa mji mkuu ikakamilika mwezi Agosti 1964. Yote mawili yanapita Oxon Hill.

Kuwapatia nyumba watu hao kulihitaji mwendo mwingine. Mfano ulikuwa umewekwa New York na kampuni ya Levitt, ambayo kuanzia mwaka 1947 ilijenga mji wa Levittown kwa kuyapeleka makundi ya vibarua kutoka kiwanja hadi kiwanja, kila kundi likiwa na kazi moja tu: hili linamwaga jamvi, lile linasimamisha kuta, jingine linapaka rangi. Kazi ilipokuwa imepamba moto, zaidi ya nyumba 30 zilikamilika kwa siku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni hiyohiyo ilileta mtindo wake Bowie, katika kaunti hiyohiyo ya Prince George's. Wajenzi wa Oxon Hill walikuwa wadogo zaidi, lakini walifuata kanuni ileile ya ramani chache zinazorudiwa mtaa mzima.

Vifaa vipya viliondoa vituo vya kusubiri kimoja baada ya kingine. Kiunzi kilikuwa cha mbao za mbili kwa nne, zilizokatwa kwa vipimo vya aina moja nchi nzima, hivyo hapakuwa na kuchonga. Plaiwudi ilichukua nafasi ya mbao zilizopangwa moja moja. Kuanzia miaka ya 1950 kenchi ziliungwa kiwandani kwa vibati vya chuma vyenye meno, zikafika saiti tayari kupandishwa, na paa likasimama kwa siku moja au mbili. Badiliko kubwa kuliko yote lilikuwa la ndani: mbao za jasi ziliifukuza plasta. Ukuta ulifungwa kwa misumari, viungo vikazibwa kwa utepe na kupakwa, na wiki za kukausha zikawa siku. Nyumba ndogo ya tofali ya ghorofa moja, ambayo mwaka 1925 ingechukua nusu mwaka au zaidi, sasa iliisha kwa miezi mitatu au minne.

Mikopo ilisukuma gurudumu hilo. Shirika la serikali la kudhamini mikopo ya nyumba, lililoanzishwa mwaka 1934, na sheria ya mwaka 1944 ya kuwasaidia wanajeshi waliorudi kutoka vitani viliwawezesha mamilioni kununua kwa malipo madogo ya awali. Mjenzi aliuza kabla hajamaliza, au muda mfupi tu baada ya kumaliza. Milango hiyo haikufunguliwa kwa wote. Wanunuzi weusi walikataliwa waziwazi na wajenzi wengi, akiwemo Levitt wa Bowie, ambako maandamano yalifanyika mwaka 1963. Sheria ya shirikisho ya kukataza ubaguzi katika nyumba ilipitishwa mwaka 1968, na miongo iliyofuata Oxon Hill ikawa kitongoji chenye wakazi wengi weusi.

Bomba lililosimamisha matofali

Kasi hiyo ilikomeshwa na kitu kilichofukiwa ardhini. Tangu mwaka 1918 maji safi na maji taka ya kaunti za Prince George's na Montgomery yanasimamiwa na tume moja ya pamoja, na sehemu kubwa ya maji taka hayo husafishwa katika mtambo wa Blue Plains, uliojengwa miaka ya 1930 kwenye ncha ya kusini ya Washington, ng'ambo tu ya mkono wa maji ulio kati yake na Oxon Hill. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 mtambo ulikuwa umezidiwa na mto Potomac ukinuka.

Mwaka 1970 jimbo la Maryland lilianza kuzuia miunganisho mipya ya maji taka katika sehemu kubwa za kaunti hizo mbili, na vizuizi viliendelea kwa namna mbalimbali katika miaka ya 1970. Mjenzi aliyekuwa na kiwanja, ramani, fedha na mafundi hakuweza kuanza. Hakuna mbao wala mashine iliyoweza kufupisha kungoja huko, kwa kuwa dawa yake ilikuwa kupanua mitambo, kazi ya miaka na ya fedha za umma. Tangu hapo swali la kwanza kuhusu kiwanja chochote Oxon Hill limekuwa kama kimeunganishwa au kinaweza kuunganishwa. Kiwanja kisicho na bomba huhitaji shimo la maji taka na kipimo cha jinsi ardhi inavyonyonya maji, na udongo wa vilima hivi mara nyingi haunyonyi vya kutosha.

Mwaka huohuo wa 1970 Maryland ilipitisha sheria ya kuzuia udongo wa saiti usioshwe na mvua hadi mitoni. Mwaka 1984 ikafuata sheria ya kulinda ukanda wa futi 1,000 kutoka maji yanayopanda na kushuka kwa bamvua, ambao unagusa kingo za Oxon Hill, na mwaka 1991 sheria ya kulinda misitu. Kila moja iliongeza ramani ya kuchora na ofisi ya kupitia.

Kalenda ya nyumba ya leo

Takwimu za sensa ya Marekani zinaonyesha kwamba kabla ya mwaka 2020 nyumba mpya ya familia moja ilichukua wastani wa miezi kama saba tangu ujenzi uanze hadi uishe. Ugonjwa wa korona ulipovuruga viwanda na usafirishaji, bei ya mbao ilivunja rekodi mwezi Mei 2021, madirisha na milango ya gereji yakacheleweshwa kwa miezi, na mwaka 2022 wastani huo ukapita miezi minane. Kati ya kibali kutolewa na kazi kuanza hupita kwa kawaida mwezi mmoja hivi. Nyumba zinazojengwa na kampuni kwa ajili ya kuuza huisha mapema. Zile ambazo mwenyewe ndiye msimamizi huchukua zaidi ya mwaka.

Katika Oxon Hill kazi huanza kwa makaratasi. Ramani za nyumba hupelekwa kwa idara ya kaunti ya vibali, ukaguzi na utekelezaji, iliyoundwa mwaka 2013 ili kukusanya mahali pamoja kazi zilizokuwa zimetawanyika. Mpango wa kudhibiti udongo huidhinishwa na chombo kingine, na vibali vya mabomba ya maji na gesi hutolewa na tume ya maji, siyo na kaunti. Kiwanja kilichopimwa zamani, tambarare na chenye bomba barabarani, hupita kwa wiki. Chenye mteremko, miti mingi au ukaribu na mto huweza kula miezi mingi kabla ya koleo la kwanza.

Mteremko ni jambo zito hapa kwa sababu ya udongo wa Marlboro, tabaka la mfinyanzi mwororo linalopita chini ya sehemu kubwa ya kaunti. Ukilowa huteleza. Mwezi Mei 2014, baada ya mvua kubwa, kilima kilimeguka Fort Washington, jirani kusini, na familia za zaidi ya nyumba 20 zikaamriwa kuondoka. Mahali penye tabaka hilo mhandisi huchimba na kupima kwanza, na matokeo yanaweza kubadili msingi au kukataza ujenzi kabisa.

Kibali kikitoka, msingi huchimbwa hadi chini ya kina kinachogandishwa na baridi, kama sentimita 75, ili maji ya ardhini yakiganda yasiuinue. Zege hufikia nguvu yake ya hesabu baada ya siku 28, ingawa kuta huanza kusimamishwa mapema zaidi. Joto likiteremka chini ya nyuzi 5 hufunikwa kwa mablanketi au kazi huahirishwa. Msingi na ukuta wa chini huchukua wiki kadhaa, kiunzi na paa mwezi au zaidi kidogo.

Kinachofuata ndicho kipindi ambacho mgeni akipita huona kama kazi imelala. Nyumba ina paa na madirisha, lakini ndani ni mifupa mitupu ya mbao. Katika mifupa hiyo fundi bomba, fundi umeme na fundi wa vipoza hewa hupitisha vyao kwa zamu, kwa kuwa hawaenei pamoja katika nafasi ileile. Prince George's ina fundi wa nne: tangu mwaka 1992 kaunti hiyo inadai kila nyumba mpya ya familia iwe na vinyunyizio vya kuzimia moto darini, ikiwa miongoni mwa za kwanza nchini kufanya hivyo. Mabomba yake hujazwa maji kwa msukumo mkubwa na kuachwa ili kuona kama yanavuja. Kisha wakaguzi huja, wa kaunti kwa upande wao na wa tume ya maji kwa upande wao, na hakuna ubao wa jasi unaopigiliwa kabla hawajatia saini. Kosa dogo, kama waya uliopita karibu mno na ukingo wa mbao, hurudisha ukaguzi mzima siku nyingine, na mafundi wa ndani waliokuwa wamepangwa wiki hiyo huenda kwenye kazi nyingine. Ucheleweshaji wa siku mbili hugeuka wa wiki mbili.

Kazi za mwisho, yaani rangi, makabati, vigae, sakafu na vyombo vya maji, huchukua miezi miwili au mitatu, na huongezeka kila mara mwenye nyumba anapobadili mawazo. Mwisho hutolewa cheti cha kuruhusu kukaliwa. Bila cheti hicho hakuna anayehamia kihalali, na benki haifungi hesabu ya mkopo. Hapo ndipo kalenda ya Oxon Hill inapoachana na ya Dar es Salaam au Mombasa. Benki ya Marekani humlipa mkandarasi kwa mafungu baada ya kila hatua kuthibitishwa, na mkopo wenyewe wa kujengea una ukomo, mara nyingi wa mwaka mmoja, huku riba ikihesabiwa. Mjenzi wa Afrika Mashariki anayejenga kwa akiba hana riba inayomkimbiza, hivyo msingi unaweza kukaa miaka mitatu ukiota majani huku tofali likinunuliwa kidogo kidogo. Waafrika Mashariki wengi walioko Maryland wanaziishi kalenda zote mbili: nyumba ya huku kwa ratiba ya benki, na ya nyumbani kwa pesa inayotumwa mwisho wa mwezi.

Kiwanja kikubwa cha mwisho

Mfano mkubwa kuliko wote wa kusubiri katika Oxon Hill ni wa ukingo wa mto ulio chini ya kilima cha Addison, uliowahi kuwa machimbo ya mchanga na kokoto. Katika miaka ya 1980 ulipendekezwa mradi wa PortAmerica, wenye ofisi, nyumba na mnara mrefu sana. Mnara ulipingwa kwa sababu ya mandhari ya mji mkuu na njia ya ndege ziendazo uwanja wa ng'ambo ya mto. Kwa kuwa mradi na barabara zake viligusa eneo la jumba lililoungua mwaka 1895, wanaakiolojia walifukua msingi wake kabla ya kazi, jambo ambalo nalo ni hatua ya kalenda. Mradi ulikwama kifedha, ukauzwa, ukabuniwa upya kwa jina la National Harbor, na hoteli yake kubwa ikafunguliwa mwezi Aprili 2008. Kati ya wazo la kwanza na mlango wa kwanza ilipita miongo miwili, na ujenzi wenyewe ulichukua miaka michache tu ya hiyo.

Viwanja vya mmoja mmoja vilivyobaki Oxon Hill kwa sehemu kubwa ni vile vilivyorukwa na wajenzi wa miaka ya 1950 na 1960: vya miteremko, vya kando ya vijito, vya mbali na bomba. Kwenye viwanja hivyo mafundi bado huhitaji miezi saba au minane. Tofauti kati ya nyumba itakayoisha ndani ya mwaka na ile itakayochukua miwili huamuliwa kwa kawaida kabla hawajafika, kutegemea udongo, bomba, makaratasi na mkataba wa benki.